Ndege Wanakuja Kwenu

Kila nikipita stendi ya Kibondo mnaniita, mnanisogezea benchi, halafu mnaniuliza kwa sauti ile ya kumtembelea mgonjwa: "Bukuru, unaendeleaje?" Naendelea vizuri. Sijarukwa na akili. Nimeamua kuandika mara moja msome wote, maana nikianza kusimulia pale kijiweni mnanikatiza kabla sijatoka baharini, na mimi siku hizi sina subira ya kukaa benchini.

Kwa atakayeletewa hii na hanijui, mimi ni mtoto wa Busunzu, pacha wa Butoyi. Niliondoka nyumbani nikiwa nimeoa juzi tu, nikaenda kufanya kazi kwenye meli ya kuvua jodari, kusini kabisa, kwenye maji ya baridi. Nimerudi kabla mkataba haujaisha. Mambo ya wakala, pasi na foleni za maofisini siyaandiki, kila mtu anayajua na hayana ladha. Naandika njia.

Kusini, kwenye meli

Meli yetu ilivua kwa mshipi mmoja mrefu. Nikisema mrefu msifikirie kamba ya kuanikia nguo. Ungeutandaza kutoka Kibondo mjini ungefika Busunzu na ukabaki na wa kurudia. Kila hatua chache kuna ndoana, na kila ndoana ina ngisi. Alfajiri meli inakwenda mbele, sisi tuko nyuma tunauachia mshipi majini. Ndoana haizami mara moja. Inaelea kidogo, na hapo ndipo ndege wanakuja.

Si ndege kama hawa wetu wa kwenye mtama. Mkubwa wao akikunjua mabawa hapiti mlangoni kwako. Rusdi, kiongozi wetu pale nyuma ya meli, mtu wa Indonesia mwenye maneno machache, alimwita albatrosi. Wanafuata meli kutwa nzima bila kupiga bawa, wanateleza tu juu ya upepo. Mimi nilikuwa nawatazama mpaka shingo inauma.

Kule nyuma kulikuwa na nguzo, na kwenye nguzo inafungwa kamba ndefu yenye vitambaa vya rangi vinavyopepea hadi karibu na maji. Kazi yake ni kutisha ndege. Nilipoiona nilicheka peke yangu. Mimi nimekulia juu ya dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, naamia ndege kwenye mtama wa mama, tumetandaza utepe wa kaseti kutoka mti hadi mti. Nikamwambia Rusdi, hii kazi niachie mimi. Wenzangu walifurahi, walikuwa wanaichukia kwa sababu upepo ukigeuka kamba inajiviringa kwenye mshipi. Mimi niliipenda. Nikaongeza vitambaa kutoka kwenye makoti ya mvua yaliyochanika, na juu ya vitambaa nikapiga kelele kama za nyumbani.

Ila nilikuwa nimeielewa vibaya. Shambani unamfukuza ndege ili uokoe mtama, na akifa ni nafuu kwako. Kwa hiyo mimi nilidhani naokoa ngisi. Kuna siku, kabla sijaipata vizuri ile kazi, mshipi ulivutwa ukapandisha ndege mkubwa mweupe, ndoana mdomoni, amelowa, mabawa yamefunguka. Nikasema kwa sauti, mmoja kapungua. Rusdi hakucheka. Alimtoa ndoana taratibu, akamlaza kwenye mbao kama anamlaza mtoto. Akanieleza kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza kwamba huyu alikamata chambo, mshipi ukamvuta chini, akafa maji. Mwenzake yuko kisiwani amelalia yai, na yai ni moja tu. Wanapokezana, mmoja analalia, mwingine anatafuta chakula. Yule wa kisiwani atamsubiri huyu mpaka njaa imshinde, ndipo aliache yai.

"Vitambaa si vya ngisi, Bukuru," akasema. "Ni vya hawa."

Niliona aibu, halafu nikasikia uchungu. Nilimwaza Skola wangu niliyemwacha Busunzu, naye ananisubiri. Tangu siku hiyo nilifanya kazi ile kwa moyo wote, na kwetu vifo vilipungua sana, mkitaka muulizeni Rusdi.

Sasa sikilizeni vizuri, kisa kiko hapa. Mnajua kwetu tunavyoamia. Ukiwafukuza ndege hawaendi mbinguni, wanaenda kwa jirani. Kwa hiyo ukiwafukuza lazima upaze sauti: "Ndege wanakuja kwenu!" Jirani anaitikia, "Tumewaona!" na anasimama na bati lake tayari. Anayefukuza kimyakimya tunamhesabu mwizi, na mavuno yakifika hakuna atakayemwita kwenye pombe. Haya hakuna anayekufundisha. Unazaliwa unayakuta.

Meli nyingine ikaja kuvua karibu nasi. Haikuwa na vitambaa. Mimi huku napepea na kupiga kelele, ndege wananiogopa, wanageuka kundi zima, wanakwenda kwenye ile. Nikachukua darubini ya Rusdi. Niliwaona wanatua nyuma yake, wanapiga mbizi, na kuna walioingia hawakutoka. Wale niliwafukuza mimi. Nikamwomba Rusdi amwombe nahodha awaambie wenzetu redioni. Nahodha akajibu kwamba kila meli ina mambo yake. Kesho yake ikawa vilevile, na kesho yake tena. Chakula kilinishinda. Nilikuwa natembea tu kutoka ubavu huu wa meli kwenda ubavu ule.

Basi asubuhi moja nikapanda juu ya masanduku, nikavua jaketi la kuokolea, lile la rangi ya chungwa, nikalipepea kwa mikono miwili na kupiga kelele kwa Kiha kwa sauti yote aliyonipa Mungu: ndege wanakuja kwenu, ndege wanakuja kwenu. Kisha nikanyamaza nisikilize. Jamani, niliamini kabisa wataitikia. Sijawahi kumwita mtu kutoka shamba hadi shamba asiniitikie.

Hawakuitikia. Waliona jaketi la kuokolea linapepea wakadhani tunazama. Wakakata mshipi wao, wakageuza meli, wakaja kwetu mbio. Mshipi uliokatwa ukapotelea huko na ndoana zake zote. Yale nahodha wetu aliyoambiwa redioni sitayaandika. Aliponiuliza nilikuwa nasema nini, nikamwambia ukweli: nilikuwa nawaarifu kwamba ndege wanakwenda kwao. Alinitazama muda mrefu. Nilitegemea hasira, nikaona woga. Akamwambia Rusdi kwamba huyu bahari imemwingia kichwani.

Kwenye meli ya kukusanya samaki

Kuna meli kubwa inayopita kukusanya samaki kutoka meli za uvuvi na kuwapeleka bandarini. Nikahamishiwa huko. Rusdi alinishika mkono akasema maneno ya dua, nikaondoka.

Huko nilipewa chumba kizuri kuliko nilivyowahi kulala maishani, na mtu wa kukaa mlangoni. Nilidhani ni heshima. Chakula kilipoletwa kilikuwa wali na kipande cha nyama ngumu, pamoja na kijiko. Nikaomba kisu. Yule wa mlangoni akatabasamu, akatikisa kichwa. Kesho yake nikaomba wembe wa ndevu, akatabasamu vilevile. Hapo ndipo nilipoelewa. Wamenifichia vitu vya ncha.

Niwaambie ukweli, hicho kijiko kiliniumiza kuliko kufukuzwa. Nikianza kutembea chumbani, wanasema hatulii. Nikikaa kimya, wanasema kanyamaza, mchungeni. Nikieleza, ndiyo kabisa. Nikabaki kutazama baharini kupitia kioo cha duara, na ndege walikuwepo, wanafuata meli kama kawaida, hawajui lolote.

Kutoka Dar kwenda Kakonko

Nilifika Dar na ndevu zangu. Kitu cha kwanza nilimpigia Skola, simu haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Nikampigia Butoyi. Pacha wangu mnamjua, hana siri, lakini siku hiyo alizungukazunguka. Mara mahindi, mara mbuzi kazaa. Mwisho akasema, "Sha, ndugu yangu, wewe njoo tu." Nikamwambia asiponieleza nalala hapo hapo barabarani. Akaeleza kwamba wakala alipiga simu kuwa nimerukwa na akili baharini. Habari ikafika Munanila kwa wakwe zangu. Baba mkwe, Mzee Nyabenda, akaja mwenyewe Busunzu na kumchukua binti yake.

"Alisema nini?" nikamuuliza.

"Alisema binti yake hakai na kichaa. Hakugomba. Alisema hivyo, akanywa maji, wakaondoka."

Hilo la kutogomba ndilo lililoniogopesha. Mzee Nyabenda ni mtu wa kugomba, anagombana hata na mizani ya maharage. Akinyamaza ujue ameamua. Na mimi najua sababu. Dada yake aliolewa na mtu aliyeharibikiwa akili, watu wakawa wanasema atatulia, atatulia, mpaka siku alipomkata mkono. Shangazi huyo alikaa kwa Mzee Nyabenda mpaka alipofariki, na Skola ndiye alikuwa anamfungia kilemba kwa sababu kwa mkono mmoja hawezi. Ningemlaumuje mzee?

Basi la asubuhi. Mnaijua safari ile. Dodoma, Singida, Nzega, unakaa mpaka miguu inasahau kazi yake. Kiti cha pembeni yangu alikaa Bi Mwanaidi, mama wa Kitanga mwenye duka la vitenge Kasulu mjini, mnene, mcheshi, na kapu lake la chakula halina mwisho. Mimi nilikuwa siwezi kutulia. Nafungua dirisha, nafunga, nasimama, nakaa, napiga simu ya Skola, haipatikani.

"Mwanangu," akasema Bi Mwanaidi, "una siafu?"

Akanipa chapati, na juu ya chapati akaweka bawa la kuku, la kukaanga, limeiva vizuri. Mimi nilikuwa na njaa. Nikalishika bawa lile, nikalikunjua kidogo, kiungo kikafunguka, na nikashindwa kulila. Nilikaa nalo mkononi kutoka Manyoni mpaka karibu na Singida. Bi Mwanaidi akadhani limezidi chumvi. Alipoona machozi akadhani limezidi pilipili, akaanza kumlaani dada wa kazi wa binti yake wa Dar. Ikanibidi nimweleze yote kumwokoa yule dada.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema yeye kazaliwa ufukweni, baba yake alikuwa mvuvi, na hajawahi kusikia ndege wanaokufa kwa kulishwa. Nikamwambia bahari ile si ya Tanga. Akasema bahari ni moja. Tukabishana kidogo hapo, na kwa mara ya kwanza tangu meli nilijisikia mtu mzima wa kawaida, anabishana kwenye basi.

"Sasa nikupe akili," akasema. "Ukifika mkweni usitaje ndege hata mmoja. Sema ulishikwa na malaria ikapanda kichwani, ukadungwa sindano, ukapona. Malaria kila mtu anaijua. Ndege wako nani atawaelewa?"

Nilimshukuru, na kichwani nikaanza kuitengeneza malaria yangu.

Karibu na Kakonko tukasimamishwa kwa ukaguzi, kama kawaida ya huku kwetu kwenye mpaka. Askari kijana, mpole tu, akapita kiti kwa kiti. Aliponifikia akasikia lafudhi yangu na kuona begi langu lenye maandishi ya kigeni.

"Unatoka wapi?"

"Baharini."

"Bahari gani?"

"Ile ya kusini, kwenye barafu."

"Na unakwenda wapi?"

"Kibondo."

Akanitazama. "Kufanya nini?"

Nikamjibu, na naapa sikuwa na nia ya kumchekesha: "Kumfuata mke wangu, walisema mimi kichaa."

Basi zima likageuka. Niliteremshwa na begi langu. Vitambulisho ninavyo, vikakaguliwa vikaonekana safi, lakini sasa askari akawa hana wasiwasi wa uraia, ana wasiwasi wa mimi mwenyewe. Aliniuliza leo siku gani. Nilikuwa nimetoka kwenye meli na safari, siku zimenichanganya, nikakosea. Akaniuliza tena, nikakosea tena. Mwisho Bi Mwanaidi akashuka na mwili wake wote, akasema, "Baba, huyu wetu. Ana mapenzi tu, na mapenzi hayana ofisi." Askari akacheka, tukarudi ndani. Abiria wakawa wananipisha njia kwa adabu isiyo ya kawaida.

Busunzu

Nilishuka Kibondo, nikachukua bodaboda hadi nyumbani. Butoyi alikuwa uani anapukuchua mahindi. Hakuja kunikumbatia. Alisimama akanichunguza machoni, kushoto na kulia, kama anamkagua ng'ombe wa kununua.

"Niko sawa," nikamwambia.

"Usiponikasirikia nitaamini," akajibu. "Unajua wananiuliza na mimi? Mapacha, wanasema. Kimempata Bukuru, kwa Butoyi kinakuja. Wiki nzima siwezi kucheka peke yangu wala kuimba bafuni."

Hapo nilicheka mpaka nikakaa chini, na yeye akacheka, na nikaona anashukuru. Mkewe akapika ugali wa muhogo na maharage, na kando migebuka iliyokaushwa kutoka ziwani. Samaki nikawaacha. Nikaingia nyumbani kwetu mimi na Skola. Kitanda kimetandikwa. Sufuria zimegeuzwa chini. Kitenge chake kimoja kilikuwa bado msumarini, cha kijani, na sikujua kama alikisahau au alikiacha. Nilikitazama muda mrefu. Jamani, niliogopa. Baharini sikuogopa hivyo, hata mawimbi yalipopanda juu yetu.

Butoyi alitaka nipumzike. Sikuweza. Nikakitia kitenge kwenye begi na alfajiri nikaondoka.

Kasulu

Kasulu nilichelewa kwa sababu ya Bi Mwanaidi. Nilipitia dukani kwake kununua zawadi ya mama mkwe, yeye akasema zawadi haichaguliwi kwa haraka. Akashusha vitenge vyote. Hiki rangi ya msiba, hiki cha vijana, hiki ukifua mara moja kwaheri. Mimi nimesimama mguu huu, nahamia mguu ule. Akaagiza chai ya maziwa na sambusa. Akaniketisha kwenye mizigo akaanza kunifundisha malaria yangu upya: nianze na homa, nifuate na kutetemeka, nimalizie na daktari.

"Daktari gani?" nikauliza.

"Wa melini."

"Melini hakuna daktari."

"Wao watajuaje?"

Tukachagua kitenge cha zambarau. Kijana wa bodaboda niliyempata alikuwa anakwenda vizuri, vumbi linatufuata, mpaka tulipovuka Buhigwe tairi likapasuka. Akaniambia nikae kivulini, atarudi sasa hivi. Hiyo sasa hivi yake mnaijua. Mimi nikaanza kutembea kwa mguu, begi kichwani, narudia malaria kwa sauti: homa, kutetemeka, daktari. Mama mmoja mwenye jembe alinisikia, akahamia upande wa pili wa barabara. Nikajiambia, Bukuru, kweli sasa unafanana na kichaa. Bodaboda alinikuta mbali sana, akashangaa nilivyotembea.

Munanila

Mji wa baba mkwe uko juu, shamba la mtama linashuka mbele yake hadi bondeni, na ng'ambo ya bonde kuna shamba la jirani. Nilipiga hodi kwenye ua. Mama mkwe akachungulia, akarudi ndani. Nikasikia vyuma vinagongana. Baadaye kidogo akatokea Mzee Nyabenda, mfupi, amevaa koti lake jeusi, akasema, "Amahoro, mkwe. Karibu uani."

Uani, wala si ndani. Kulikuwa na kigoda kimewekwa kwa ajili yangu, na chake mbali na changu. Nilipokaa ndipo nilipotazama ukuta wa jiko. Pale ambapo siku zote panaegemezwa majembe na kuning'inizwa panga, palikuwa patupu. Alama ya panga imebaki kwenye udongo. Basi vile vyuma nilivyosikia vilikuwa vinaingizwa ndani. Nikakumbuka kijiko. Na nikajua kwamba hapa nikikosea neno moja sina mke.

"Skola yuko wapi, Baba?"

"Yuko shambani, anaamia. Hajui umekuja, na asijue kwanza. Wewe niambie mimi."

Nilikuwa na malaria yote tayari. Nikafungua mdomo, nikasema, "Nilishikwa na homa." Mzee akaitikia kwa kichwa, na niliona uso wake unalegea, anataka kuamini. Ilikuwa rahisi hivyo. Kisha nikatazama kigoda chake kilivyo mbali, nikamfikiria shangazi na mkono wake mmoja. Watu walimdanganya mzee huyu mara ya kwanza kwa kumwambia mambo mepesi. Nikashindwa.

"Hapana, Baba," nikasema. "Sikuumwa."

Nikamwambia yote. Mshipi, ngisi, vitambaa. Alinikatiza kila mahali, na kwa sauti ya kugomba, jambo lililonipa moyo. Ndege wanakula nini kule, kuna mtama? Wakubwa kiasi gani? Muongo. Mwenye meli anakubali vipi ndege wale chambo chake? Nilipofika kwenye meli ya pili akainua kidole.

"Haina vitambaa?"

"Haina."

"Na unawafukuzia wao?"

"Nawafukuzia wao."

"Kimyakimya?"

"Ndiyo, Baba. Siku za kwanza kimyakimya. Ndipo nikashindwa, nikapanda juu nikawapigia kelele."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza. Mzee akauliza meli ile ilikuwa mbali kiasi gani. Nikanyoosha mkono kwenye shamba la ng'ambo ya bonde, nikasema kama pale.

"Wakaitikia?"

"Hawakuitikia."

Mzee Nyabenda alitazama chini, akakwaruza udongo kwa kiatu. Sikujua anafikiria nini. Nilitaka kusimama nitembee, nikajizuia kwa kushika magoti, maana kichaa ndiye asiyetulia.

Ndipo tukamsikia Skola. Alikuwa chini huko, hatumwoni, mtama ni mrefu. Alipiga bati, kundi likanyanyuka kutoka kwenye mtama, jeusi, likageukia bondeni, na yeye akaita kwa Kiha kwa sauti ile yake nyembamba: "Ndege wanakuja kwenu!"

Ng'ambo kimya. Akaita tena. Kimya. Labda wenyewe walikuwa wanakula, labda upepo uliirudisha sauti. Tukamsikia anaita mara nyingine na sauti inapasuka, na ndege wanazidi kushuka.

Sikuomba ruhusa. Niliruka kutoka kigodani, mama mkwe akapiga ukelele akidhani ndiyo imenipanda, nikakimbia hadi ukingo wa ua, nikavua shati, nikalipepea kwa mikono miwili, nikaita kwa sauti ile ile ya kwenye meli: "Ndege wanakuja kwenu!"

Nikanyamaza nisikilize. Sikuwa nasikiliza mtama wa mtu. Nilikuwa bado nasubiri jibu la kule kusini.

Na kutoka ng'ambo, mbali, mwanamume akaitikia: "Tumewaona!" Bati likaanza kulia kule, na mtu mwingine akaitikia kutoka shamba la juu yake, na ndege wakageuka.

Nililia pale pale, kifua wazi, mbele ya wakwe zangu. Kutoka kwenye mtama ikaja sauti ya Skola, ndogo sasa: "Bukuru? Ni wewe?"

"Ni mimi."

Mtama ukaanza kutikisika, mstari mmoja unaopanda kuja juu. Nyuma yangu nikamsikia Mzee Nyabenda anakohoa. Alimwambia mkewe bila kuinua sauti, "Mama Skola, rudisha panga mahali pake." Halafu akanivutia kigoda karibu na chake.

Usiku ule tulikula ndani. Niliwapa kitenge cha zambarau, mama mkwe akasema rangi ni ya wazee, Bi Mwanaidi asije akasikia. Kile cha kijani nilimrudishia Skola, na akaniambia alikiacha makusudi, ili nikirudi nijue hakuhama. Kesho yake tuliondoka wote wawili kurudi Busunzu, na ndiko mnakotukuta.

Lakini usiku ule, mzee akiwa amekwisha kusinzia, Skola aliniuliza kitu, na ndicho kinachonifanya nisikae benchini kwenu. Aliuliza, "Sasa kule, nani anawapigia kelele?" Nilimwambia labda Rusdi, kwamba Rusdi ni mtu mwema. Akauliza kama Rusdi anajua yale maneno ya kumwita jirani. Sikuwa nimemfundisha.